HMT: Shirika la saa lililopitwa na wakati

KWA miaka mingi kijana wa Kihindi aliyepata kazi ya kwanza, au aliyefaulu mtihani, alizawadiwa saa ya mkono ya HMT. Aliyeitengeneza ni shirika la umma. Januari 2016 Serikali ya India iliidhinisha kufungwa kwa kampuni mbili za saa za shirika hilo.

HMT ilianzishwa 1953 mjini Bangalore kutengeneza mitambo ya viwandani. Mwaka 1961 ikaingia kwenye saa kwa ushirikiano na Citizen ya Japani. Iliyopendwa zaidi iliitwa Janata, yaani wananchi: saa ya kutia ufunguo, imara, ambayo hata karani aliimudu. Saa za nje zilibanwa kwa leseni na ushuru, hivyo asiyeitaka HMT alibaki na za magendo.

Mwaka 1984 kundi la makampuni la Tata liliungana na shirika la maendeleo ya viwanda la jimbo la Tamil Nadu kuanzisha Titan. Kiwanda kilijengwa Hosur, jirani kabisa na Bangalore, na 1987 saa zake za betri zikaingia sokoni. Hazikuhitaji kutiwa ufunguo kila siku, na zilishika majira vizuri zaidi. HMT nayo ilizifahamu, lakini uzito wake ulibaki kwenye saa za ufunguo. Titan ilifungua maduka yake yenyewe, ikauza saa kama pambo. HMT ilisubiri mteja aje.

Wapo wanaosema Serikali haiwezi biashara. Hapa hoja hiyo inapwaya, kwani Tamil Nadu imo ndani ya Titan tangu mwanzo, na shirika lake lina hisa nyingi kuliko Tata. Tofauti ni kwamba lilitia mtaji, likawaachia Tata uendeshaji. HMT ilikuwa mikononi mwa wizara, na hasara ikazibwa na Hazina mwaka hadi mwaka.

Bili ya mwisho ilikuwa nzito. Serikali ilitenga zaidi ya rupia bilioni 4 kufunga kampuni hizo mbili na dada yao ya beringi, sehemu kubwa ikiwa malipo ya wafanyakazi, yaliyokokotolewa kwa viwango vya mishahara vya 2007. Kampuni mama bado inauza saa chache kwa jina la HMT, na Janata za zamani zinasakwa na wakusanyaji.