Mwaliko wa Wimbledon na Mjukuu wa Kurt Nielsen

Wazazi wenzangu, nanyi vijana mnaoshika raketi, mpira au kalamu, nina neno juu ya Mdenmark mmoja ambaye wengi wenu hamjamsikia. Anaitwa Frederik Nielsen. Katika tenisi ya mmoja mmoja, nafasi ya juu kabisa aliyowahi kuifikia duniani ni ya 190. Kwa hesabu tulizozizoea, mtu wa 190 si wa kuandikiwa makala. Mimi nasema hesabu hizo zinatupotosha, na ushahidi wangu ni mashindano ya Wimbledon ya mwaka 2012.

Mashindano makubwa ya tenisi huingiwa kwa pointi. Anayezo anaingia, asiyenazo hucheza michujo, au hungoja hisani ya waandaaji, ambao hutenga nafasi chache za mwaliko. Mwaka huo Nielsen, akiwa na miaka 28, alishirikiana na Mwingereza Jonathan Marray wa Sheffield, aliyekuwa na miaka 31. Viwango vyao havikutosha kuwaingiza katika mchezo wa wawili wawili, wakapewa mwaliko. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kutwaa taji la ngazi ya juu ya wanaume. Kwa umri huo wachezaji wengi wa daraja lao huwa wameshaanza kuulizwa nyumbani wataacha lini.

Katika nusu fainali walikutana na mapacha wa Marekani, Bob na Mike Bryan, waliokuwa wakilitetea kombe. Wakawatoa kwa seti nne. Jumamosi ya tarehe 7 Julai wakaingia fainali na Robert Lindstedt wa Sweden na Horia Tecău wa Romania, watu waliokuwa wakiicheza fainali hiyo kwa mwaka wa tatu mfululizo. Seti ya kwanza ikawaponyoka, 4-6. Wakachukua ya pili 6-4 na ya tatu 7-6. Ya nne wakaikosa kwa tofauti ndogo mno, 6-7, na hapo ndipo ningetegemea watu wasio na jina wavunjike moyo. Hawakuvunjika. Ya tano waliimaliza 6-3. Kabla ya jioni hiyo, wachezaji wa mwaliko hawakuwahi kutwaa kombe la wawili wawili la wanaume pale Wimbledon, na Uingereza ilikuwa haijapata bingwa wa mchezo huo tangu 1936.

Najua watakaonijibu kwamba maji hufuata mkondo, kwa kuwa babu yake alikuwa Kurt Nielsen. Ni kweli, na babu huyo anastahili heshima yake. Alifika fainali ya Wimbledon ya mmoja mmoja mwaka 1953, akarudi tena 1955, na mara zote mbili hakuwamo katika orodha ya wale waliotazamiwa kufika mbali. Mara zote mbili alimtoa njiani Ken Rosewall wa Australia. Akashindwa na Vic Seixas, kisha na Tony Trabert. Mwaka 1957 alishinda mashindano ya Marekani ya mchanganyiko akiwa na Althea Gibson, yule mwanamke Mweusi aliyeifungua milango ya tenisi kwa wenzake. Lakini kombe la Wimbledon kwa wakubwa hakulipata. Alifariki Juni 2011.

Basi tuupime huo mkondo. Damu ya Kurt ilikuwa mwilini mwa mjukuu miaka yote aliyozunguka katika mashindano madogo, mbele ya viti vitupu, kwa zawadi ambazo mara nyingi hazimlipii mchezaji nauli. Kama damu ingetosha, angeshinda akiwa na miaka 19. Kilichomfikisha ni kwamba siku mwaliko ulipokuja, bado alikuwa akifanya mazoezi. Nawasihi vijana mlitafakari hili, maana mwaliko huja kwa ghafla na haumsubiri mtu aliyeiweka raketi juu ya kabati.

Tena tazameni alichofanya baada ya kombe. Mwezi Novemba yeye na Marray walicheza fainali za mwisho wa mwaka mjini London, wakafika nusu fainali. Angeweza kuishi kwa wawili wawili peke yake. Lakini Nielsen aliendelea kuutafuta mchezo wa mmoja mmoja, ule ambao haukumpa sifa, kwa sababu ndio alioupenda. Wako waliomwona mjinga. Mimi namwona mtu aliyejua kwa nini alianza. Aliichezea Denmark kwa miaka mingi katika Kombe la Davis, na alipostaafu akawa nahodha wa timu hiyo.

Ewe mzazi uliye na mtoto ambaye kila mwaka jina lake liko katikati ya orodha, na bado kila alfajiri anatoka kwenda mazoezini: mnunulie viatu vingine, umwache aende.