Mtoto asiyetulia si mchawi: tuache fimbo, tudai apimwe vizuri

Ninyi wazazi mliokimbia toka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, leo sileti habari ya mapigano. Naleta habari ya watoto wetu wanaofukuzwa shuleni, wanaopigwa nyumbani na kufungiwa katika vyumba vya maombi kwa kosa moja tu: hawatulii.

Watoto hao mnawafahamu. Unamtuma maji, anarudi bila bidoni. Anajibu kabla swali halijaisha. Anaanza kuandika, kufika mstari wa pili ameacha. Kalamu inapotea kila siku. Waganga wanaita hali hiyo TDAH, kifupi cha maneno ya Kifaransa: ni upungufu wa umakini, na mara nyingi pamoja na kutotulia kupita kiasi. Ni namna ubongo wa mtoto unavyofanya kazi toka utotoni. Si laana, si ukosefu wa adabu, na si kosa la mama yake.

Kuna wanaosema ni ugonjwa wa wazungu, umeletwa na simu na televisheni. Si kweli. Muganga wa watoto George Still aliwaeleza waganga wenzake wa London habari za watoto kama hao mwaka 1902. Simu hizi zilikuwa wapi? Na kwetu pia walikuwapo. Waliitwa vichwa vigumu, wakaachishwa masomo, na hakuna aliyeuliza tena.

Sasa niseme wazi ni nani ninaowalaumu.

Kwanza, shule zetu. Najua mateso ya mwalimu. Toka masomo ya msingi yatangazwe kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na watoto wa familia zilizohama wameongezeka juu yake. Lakini direkta anayemrudisha mtoto nyumbani na kumwambia mama «usimlete tena» hajatatua kitu, amehamisha tatizo barabarani. Kumketisha mtoto mbele, kumpa kazi fupi fupi, kumtuma afute ubao ili apate kusimama kidogo: hayo hayaombi faranga hata moja. Na wale wanaosema samaki mkunje angali mbichi, nawauliza: kama fimbo ingefundisha umakini, mtoto anayepigwa toka mwaka wa kwanza si angekuwa wa kwanza darasani?

Pili, wale wanaojiita wachungaji na kuona pepo katika kila mtoto anayeruka-ruka. Maombi ni faraja, na mimi siyapingi. Napinga kumnyima mtoto chakula na maji ili «atolewe uchawi», na mama kuuza sufuria yake ili alipe. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda watoto inaweka kifungo cha mwaka 1 hadi 3 pamoja na faini kwa anayefanya hivyo. Mzazi, ukiambiwa mtoto wako ni mchawi, anayevunja sheria ni yule anayekuambia.

Tatu, na hapa wengine watanikasirikia, nawalaumu wahudumu wa afya wanaotoa jina la ugonjwa kwa dakika tano. Mama mmoja aliyekimbia vita alinieleza kwamba aliulizwa maswali matatu, akaandikiwa dawa ya kumlaza mtoto wake wa miaka 8, kisha akaitwa anayefuata. Hakuna aliyeuliza mtoto yule aliona nini njiani siku walipokimbia.

Swali hilo lina uzito kwetu kuliko pahali pengi. Mtoto aliyeona maiti, anayeshtuka kila mlango ukigongwa, anayeota ndoto mbaya na asiyelala, naye hatulii darasani. Mtoto aliyeponea malaria ya kichwa, mwenye kifafa cha kimya, asiyesikia vizuri sikio moja, au aliyekuja shuleni na njaa, naye anaonekana hivyo hivyo. Ukimpa kila mmoja wao jina la TDAH umewaumiza wote: mwenye TDAH na asiye nayo.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha TDAH. Inajulikana kwa kuuliza na kuangalia. Dalili zinaanza kabla ya miaka 12, zinadumu miezi 6 au zaidi, na zinaonekana pahali zaidi ya pamoja, mfano nyumbani na shuleni. Kama mtoto wako alikuwa mtulivu kule kijijini na akabadilika baada ya mabomu, sema hivyo kabla ya yote.

Basi mzazi, usiogope kudai. Dai masikio na macho yapimwe. Dai mwalimu aulizwe. Dai uelezwe dawa ni ya nini na utarudi lini. Kuna dawa zinazosaidia watoto wengi wenye TDAH, lakini ni za kuanzishwa na mtaalamu na kufuatiliwa, si za kununua sokoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na wataalamu unaanza na kumfundisha mzazi: agizo moja kwa wakati mmoja, saa zilezile za kula na kulala, sifa anapofanya vema, na bila fimbo.

Tunajua Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, na Bukavu kuna SOSAME, wanaoshughulikia afya ya akili. Lakini mama aliyerudi Kitshanga baada ya makambi kuondolewa mwanzoni mwa 2025 atapata wapi nauli ya kufika Goma, tena zaidi ya mara moja? Ndiyo maana nawaambia wakubwa wa afya na mashirika yanayogawa maturubai na unga: fundisheni walau muuguzi mmoja katika kila zoni ya afya kuuliza maswali haya yote, na mwalimu mmoja katika kila shule. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya watoto tunaowapoteza barabarani na katika makundi yenye silaha.

Kama direkta amemfukuza mtoto wako kwa sababu hatulii, rudi kwake pamoja na kamati ya wazazi, umwombe akuandikie sababu kwenye karatasi. Akikataa kuandika, mrudishe mtoto darasani.