Wastani Peke Yake Haumpimi Mkulima



Msimu ukisha na majamvi yakakunjwa, huja zamu ya daftari. Aghalabu karani wa tawi hujumlisha kilo zote za karafuu kavu, akazigawa kwa idadi ya wanachama, na namba moja ikasomwa mkutanoni: wastani wa mwaka huu ni kadha wa kadha. Kisha shauri la mkopo wa palizi, na la mchango wa kila mtu, hupangwa kwa namba hiyo hiyo. Sisi twaona desturi hii haifai kuendelea jinsi ilivyo, na hapa twaeleza sababu.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye hesabu nyepesi. Kijijini wamo wakulima tisa. Karafuu zao zilipopimwa zilikuwa kilo 21, 24, 28, 33, 36, 39, 42, 47 na 630. Jumla ni kilo 900. Gawa kwa 9, wapata wastani wa kilo 100. Hesabu ni sahihi. Lakini katika watu hao tisa, ni nani aliyevuna kilo 100? Hapana hata mmoja. Wanane hawakufika nusu yake, na mmoja ameipita mara sita. Basi mwenye kilo 36 akikopeshwa kama mtu wa kilo 100, deni litamlemea, na huenda mwakani akalazimika kuziuza karafuu zingali mtini.

Dawa yake si ngumu. Zipange namba kwa safu, kutoka ndogo hata kubwa, kisha ishike iliyo katikati. Katika mfano wetu ni ya tano, yaani kilo 36: wanne wako chini yake na wanne juu yake. Wakulima wakiwa kumi, chukua mbili za katikati, zijumlishe, ugawe kwa mbili. Wenye elimu ya takwimu huiita mediani. Sisi twaweza kuiita namba ya kati. Uzuri wake ni kuwa haiyumbishwi na mtu mmoja. Yule mkubwa akivuna kilo 1,000 badala ya 630, wastani utapanda kupita kilo 141, lakini namba ya kati itabaki 36 vile vile.

Wako watakaosema kwamba twataka kuutupa wastani. La, hasha. Mwenye kuagiza magunia na gari la kupeleka karafuu kituoni ahitaji jumla, na wastani mara idadi ya watu humrudishia jumla hiyo bila kupungua. Kila kipimo kina kazi yake. Pishi hupimia, wala hatuitumii kukatia kuni. Kwa kujua mzigo wa tawi, tumia wastani. Kwa kujua hali ya mwanachama wa kawaida, tumia namba ya kati.

Tena namba zikiwa nyingi, jicho huelewa upesi kuliko sikio. William Playfair wa Scotland alilitambua hilo mwaka 1786, alipochapisha London kitabu cha kuonyesha biashara ya Uingereza kwa mistari na nguzo zilizochorwa. Na mwaka 1977 John Tukey wa Marekani alieneza katika kitabu chake mchoro ambao mkulima ataupenda hata kwa jina lake: shina na majani. Makumi hukaa kushoto, ndiyo shina. Mamoja hukaa kulia, ndiyo majani. Wakulima wetu tisa huonekana hivi:

2 | 1 4 8
3 | 3 6 9
4 | 2 7
63 | 0

Mstari wa kwanza wasomeka kilo 21, 24 na 28. Mashina matupu baina ya 4 na 63 tumeyaruka kuokoa karatasi. Chaki na ubao vyatosha kuuchora, na hapana namba iliyofichwa. Mara moja waona kundi la watu wanane, na mmoja aliye mbali nao. Wala si lazima majina yaandikwe. Uzito peke yake watosha, ili asione haya mwenye kidogo.

Historia yetu wenyewe yafundisha hayo. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba ikanusurika kwa wingi. Mtu angalichanganya mashamba ya visiwa viwili akatoa wastani mmoja, angalipata namba isiyomweleza wa Unguja aliyepoteza shamba, wala wa Pemba ambaye shamba lake lilisimama.

Jingine ni kulinganisha miaka. Kila mmoja wetu ajua mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka wa neema hufuatwa na wa uhaba. Akija mtu na nguzo mbili tu, ya mwaka wa uhaba na ya mwaka wa neema uliofuata, ataonekana amefanya makubwa, kumbe ni mti uliopumzika. Mchoro wa haki uonyeshe miaka kumi au zaidi. Na nguzo zake zianze kwenye sifuri, kwani nguzo iliyokatwa miguu huifanya tofauti ndogo ionekane kubwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa mkutano mkuu ujao. Kwanza, kila tawi lisome pamoja na wastani namba ya kati, namba ndogo kabisa na kubwa kabisa. Pili, mchoro wa shina na majani utundikwe ukutani mwa tawi kabla shauri la mikopo halijakatwa. Tatu, mkopo na mchango vipimwe kwa mavuno ya miaka kadhaa ya mwanachama mwenyewe, si kwa wastani wa jirani zake.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo. Lililobaki ni kulisoma kwa namna ambayo mwenye mikarafuu kumi ataiona hali yake ndani yake, kama aionavyo mwenye mikarafuu elfu.