Deni la Mama

Niliuza mbuzi watatu wa mama kule Bahi, nikanywa fedha zote. Nilipoacha pombe, nilisimamishwa kanisani nitoe ushuhuda. Makofi yakapigwa: nimeshasamehewa. Na nani? Mama alikaa kimya, zizi lake tupu.

Hatua 12 za Alcoholics Anonymous, zilizochapishwa mwaka 1939, zinamtaja Mungu mara kadhaa. Ya 9 haimtaji. Inataka uwaendee wenyewe uliowakosea, urekebishe, isipokuwa kama utawaumiza zaidi. Basi msiniambie asiyesali hawezi kulipa alichoharibu. Deni lina mwenyewe.

Sasa nasoma uzamili Dodoma mjini. Nimejibana, nimerudisha mbuzi wawili. Mama hajasema amenisamehe, wala simdai msamaha. Amebaki mbuzi mmoja.