Kabla ya Kumeza Vidonge vya Kutafuta Mtoto



Mama mmoja wa Malindi, ambaye jina lake nalihifadhi, alikaa miaka mitatu katika ndoa bila kupata mtoto. Mavyaa yake alianza kununa, na mawifi wakaanza mafumbo. Siku moja rafiki yake alimtilia mkononi vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi. "Shoga, meza hivi. Mimi vilinipa mapacha."

Alimeza miezi mitatu. Mtoto hakupata, ila macho yaliingia ukungu na tumbo likawa linamuuma. Alipokwenda hospitalini, aliulizwa swali ambalo nyumbani hakuna aliyeliuliza: "Mume wako amepimwa?" Bwana alipopimwa, ikaonekana kuwa mbegu zake ni chache mno. Mke alikuwa amemeza dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Vidonge vile ni klomifeni, ambavyo wengi huviita Clomid. Si dawa mbaya. Imetumika tangu miaka ya 1960, na imewasaidia wanawake wengi ambao mayai yao hayapevuki. Huuhadaa ubongo uone kwamba homoni ya kike imepungua, nao ubongo ukazihimiza ovari, yaani vifuko vya mayai, zifanye kazi zaidi. Lakini dawa hii haizibui mirija iliyoziba, wala kidonge anachomeza mke hakiongezi mbegu za mume.

Kwa hiyo dada yangu, kabla ya kumeza, fanya haya.

Kwanza, nendeni wawili. Kipimo cha manii ni chepesi na hakina maumivu. Ikiwa mmekaa mwaka mzima bila kinga na mimba haijaingia, muoneni daktari. Ukiwa umetimiza miaka 35, usingoje zaidi ya miezi sita.

Pili, uliza kuhusu mirija. Kisonono na klamidia huweza kuiharibu bila mtu kujua. Mirija ikiwa na kasoro, mimba yaweza kutunga nje ya kizazi, na hiyo huua.

Tatu, hakikisha huna mimba tayari. Dawa hii haitumiwi na mja mzito.

Nne, usimfiche daktari. Mwambie kama umewahi kuugua ini, kama una uvimbe kwenye ovari, kama unatokwa na damu isiyoeleweka, au kama macho yako yana kasoro. Hata mitishamba unayokunywa, itaje.

Kwa kawaida daktari huanza na miligramu 50 kwa siku, kwa siku tano tu mwanzoni mwa mzunguko wa hedhi, kisha hufuatilia. Usijiongezee kipimo kwa kudhani kwamba viwili vitaleta mtoto upesi. Tena madaktari wengi hawavuki mizunguko sita. Na hao mapacha wanaosifiwa hupatikana katika mimba chache tu. Nao mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati, na mama huhitaji uangalizi zaidi.

Ukiona ukungu au vimulimuli machoni, acha vidonge na umuone daktari. Tumbo likivimba na kuuma sana, uzito ukipanda ghafla au pumzi zikiwa fupi, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali iliyo karibu nawe, iwe ni Malindi, Kilifi au Mariakani. Ovari zilizochokozwa kupita kiasi huweza kuhatarisha maisha. Na mimba ikiingia kisha ukaumwa upande mmoja wa tumbo au ukaona damu, kimbia vivyo hivyo.

Nanyi mabwana, pamoja na akina mavyaa, neno langu ni hili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 duniani hukumbwa na tatizo la uzazi wakati fulani maishani, wake kwa waume. Basi kumwachia mkaza mwana aibu yote ni dhuluma, na aibu hiyo ndiyo inayompeleka kumeza vidonge kwa siri.

Mwenda pole hajikwai. Pimeni kwanza, dawa baadaye.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.