Mume Akiwa Afisa Utumishi

Akina mama wa Mbagala, Tandika, Tegeta na kwingineko ambao waume zao ni maofisa utumishi wanayajua haya: jioni hodi haziishi. Jirani huja na bahasha ya kaki yenye vyeti vya mwanawe na kusema, "Mama, mwambie baba amkumbuke kijana wetu." Mwingine huja na kuku. Na wapo wanaokuja na fedha, wakidhani kwamba mwenye kiti kile ndiye mwenye ajira.

Zamani dhana hiyo ilikuwa na msingi. Katika mashirika ya umma afisa huyo mara nyingi alikuwa mwanamume, ameajiriwa hadi kustaafu, na neno lake lilikuwa na uzito. Mwaka 1992 ikaundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Mashirika mengi yaliuzwa au kufungwa, na wapo maofisa waliowaandikia wenzao barua za kupunguzwa kazi, kisha nao wakaandikiwa.

Leo cheo kina jina kubwa, meneja wa rasilimali watu, lakini kiti kimekuwa chembamba. Nafasi nyingi za serikalini huombwa kwa mtandao kupitia Sekretarieti ya Ajira. Baadhi ya kampuni binafsi huwaachia mawakala kazi ya kutafuta watu. Mabinti zetu nao wanaisomea fani hii, Mzumbe au hapa Kijitonyama katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii, na wakihitimu huomba nafasi zile zile wanazoombwa akina baba wa miaka hamsini. Sisi tunalifurahia jambo hilo, ingawa twajua zipo nyumba ambamo halifurahiwi.

Kuna na hili la mikataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na viongozi. Hivyo basi, baba anayeajiri wengine aweza kuwa na mkataba wa mwaka mmoja tu, na nyumbani hajasema. Tukipima presha baada ya ibada huwakuta wanaume wa kazi hii presha iko juu, nao husema ni chumvi. Mtu aliyeshinda akikabidhi wenzake barua za kuachishwa hapati usingizi mzuri, hata ugali ukipikwa bila chumvi kabisa.

Kwa hiyo, mama, bahasha usiipokee, kuku wala fedha usiguse. Yethro alipomshauri mkwewe Musa juu ya kuchagua wasaidizi, alitaka watu wasiopenda rushwa. Ukishapokea, ahadi umeitoa wewe, na mumeo hana uwezo wa kuitimiza. Badala yake muulize kwa upole mkataba wake unaisha lini.

Na ikiwa atapunguzwa yeye, sheria ile ile anayoitumia ofisini inamlinda. Mwajiri hana budi kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana kabla ya kupunguza. Aliyetimiza mwaka kazini hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10. Asiporidhika, apeleke lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo huhesabiwa tangu kuachishwa, nasi tumeona familia zikizimaliza zote kwa vikao vya ukoo.