Kishikio cha tela: Gari dogo Tindiga livute nini?

MASIKA yanapokatika na mpunga kuanza kuvunwa katika bonde la Tindiga, wilayani Kilosa, swali la mfanyabiashara mdogo huwa ni moja: mzigo utatokaje? Malori hugombaniwa, nauli hupanda, na mwenye Corolla huanza kuwaza kufunga tela nyuma ya gari lake ajibebee mwenyewe. Mwingine huwaza boti ndogo, kwani mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, yaliyong'oa hata Reli ya Kati, yaliwafundisha watu wa Kilosa thamani ya chombo cha majini.

Mawazo yote mawili yanawezekana, ila hesabu zake hazifanani.

Kishikio cha tela hakiongezi nguvu ya gari. Hata kikiandikwa kuwa kinavuta tani moja na nusu, kikomo ni kile cha mtengenezaji wa gari, nacho kwa magari mengi madogo yanayovuta tela lisilo na breki ni kati ya kilo 400 na 600. Tuchukue 450. Tela tupu la chuma lina kilo 200 hivi, hivyo zinabaki 250. Kwa gunia la kilo 80, hayo ni magunia matatu. Kwa lumbesa, hata hayo matatu hayafiki.

Hapo ndipo wengi wanapokosea biashara. Magunia matatu kwa safari, pamoja na mafuta, matairi na uchakavu wa klachi, ni vigumu kushindana na lori lililokodiwa na wakulima watano kwa pamoja. Anayeng'ang'ania tela bora akoboe kwanza: kilo 250 za mchele ni zao la karibu kilo 380 za mpunga, na pumba zinabaki kijijini kwa mifugo. Kutoa mzigo shambani, kwenye udongo mweusi unaonata, ni kazi ya pawatila au mkokoteni wa ng'ombe. Gari dogo lisubiri barabarani.

Boti ni habari nyingine. Ya faiba yenye urefu wa mita nne, pamoja na injini ndogo ya kilo 40, mara nyingi haizidi kilo 200. Hiyo gari dogo linaiweza.

Ukishajua uzito, ndipo uchague kishikio. Chenye kichwa cha duara huliacha tela ligeuke na kuinama kufuata barabara, tofauti na pini ya pawatila ambayo kwa mwendo wa gari hugonga na kulika. Kichwa cha kawaida ni milimita 50, lakini vipo vya Kimarekani vya inchi 2, yaani milimita 50.8. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kikombe cha tela kisipolingana na kichwa kitacheza, au hakitafunga kabisa. Nunua vyote vya kipimo kimoja.

Fundi asikichomelee kwenye bampa wala kwenye bati la buti. Kifungwe kwa bolti ngumu kwenye mihimili ya bodi, mahali alipopangia mtengenezaji. Ile pete ya kukokotea gari lililokwama si kishikio cha tela.

Upangaji wa mzigo nao una kanuni yake. Asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa tela lenye mzigo ikandamize kichwa cha kishikio. Kwa kilo 450 ni kati ya 23 na 45, na mizani ya kawaida ya kupimia mtu inatosha kuhakiki. Mzigo ukielemea nyuma, tela litayumba. Ukielemea mno mbele, gari litakaa kitako na usukani kuwa mwepesi. Anayeelekea Morogoro kupitia Hifadhi ya Mikumi alikumbuke hili zaidi, maana mnyama akikatiza na breki zikashikwa ghafla, tela lisilo na breki huisukuma gari kwa nyuma na kuikunja. Gari la otomatiki lizimwe gia ya mwisho kwenye milima, giaboksi isichemke.

Tela husajiliwa TRA na kupewa namba yake, na taa za nyuma zifanye kazi pamoja na za gari. Minyororo miwili ya akiba ipishanishwe chini ya kishikio, ili kikichomoka ulimi wa tela udakwe kabla haujagusa lami.